Mistari Tisa Nyuma ya Sikio la Mfalme

Wasifu wa marehemu Avis Muriel Tromans
9 Februari 1936 – 10 Oktoba 2023

Marehemu Avis Muriel Tromans, tunayemsindikiza leo Ijumaa tarehe 27 Oktoba 2023, alizaliwa Jumapili asubuhi tarehe 9 Februari 1936 hapa hapa Netherton, akiwa mtoto wa kwanza wa Enoch Raybould, mfua minyororo, na mkewe Olive. Aliyempokea ni bibi yake, Keziah, ambaye hakuwa na subira ya kumngoja mkunga na mizani yake. Alimfunga mtoto kwa taulo akampima jikoni, kwenye mizani iliyozoea zabibu kavu na unga wa keki. Familia imesimuliwa mara nyingi kwamba Avis alikuwa na ratili sita na wakia moja, na kwamba ile wakia moja haikupimwa kwa jiwe la mizani bali kwa peni.

Ilikuwa peni ya shaba ya mwaka 1797, nene kama biskuti, yenye ukingo mpana kama gurudumu la mkokoteni. Ilitengenezwa iwe na uzito wa wakia moja kamili, na kwa sababu hiyo akina mama wa mtaa huu waliendelea kurithishana peni za namna hiyo muda mrefu baada ya peni hizo kukoma kutumika dukani. Kila Jumamosi Bibi Keziah aliisugua yake kwa siki na chumvi hadi ikameremeta kama kitasa cha mlango wa kanisa. Miaka ya siki ilimla Mfalme aliyechorwa juu yake pua, kisha kidevu, kisha macho.

"Bibi, huyu mtu mbona hana uso?" Avis aliuliza siku moja, akiwa na umri wa miaka minne.

"Alikuwa nao," Bibi akajibu. "Nimemwosha."

Jikoni humo, kabla hajajua kusoma, ndimo Avis alimojifunza kwamba uko usafi unaoua. Peni ile bado iko jikoni kwake, na alipiga marufuku isiondolewe. Mwaka hadi mwaka alipimia viungo vya keki ya Krismasi kwa mfalme yule asiye na uso, na kila mwaka alimwomba radhi.

Masomo aliyaanza mwaka 1941, wakati vita vikiendelea, na aliyamaliza Pasaka ya mwaka 1951 alipotimiza miaka kumi na mitano, kama watoto wengi wa wafua minyororo. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa mbele ya wenzake, lakini alikuwa na macho. Darasani kwao palikuwa na kabati la vioo lenye mayai manne yaliyowekwa pamoja, na chini yake jina la ndege mmoja. Avis alinyoosha mkono akasema yai la pili kutoka kushoto si la ndege huyo. Mwalimu alimwambia akae chini. Wiki ile ile mwalimu alipekua vitabu vyake, akaandika barua kwa baba yake. Mzee Enoch aliihifadhi barua hiyo ndani ya Biblia, nayo ilikuwa na sentensi moja: "Binti yako anaona kupita mahitaji yake."

Mahitaji yalikuja haraka. Aprili 1951 aliajiriwa katika kiwanda cha vioo huko Amblecote, kwanza kama mfungaji wa bidhaa, na kuanzia mwaka 1958 kama mkaguzi, kazi aliyoifanya hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1991. Bilauri elfu kwa elfu zilipita mikononi mwake. Aliinua kila moja kwenye mwanga wa dirisha la kaskazini, akaizungusha mara moja, na kama alikuta mkwaruzo aliiachia ndani ya pipa la chuma lililokuwa miguuni pake. Wachongaji waliijua sauti ya pipa lile kuliko kengele ya chakula cha mchana.

"Avis, umeshakunywa chai?" walikuwa wakimwita kutoka upande wa pili. "Maana bilauri yangu nakuletea ukishashiba!"

"Lete tu. Mkwaruzo ni mkwaruzo, hata nikiwa na njaa."

Walimlaani, na siku alipostaafu walimlilia. Bilauri waliyomchongea kwa kumuaga aliiinua kwenye mwanga mbele yao wote, akaizungusha mara moja. Wote wakalitafuta pipa kwa macho. Kisha akaiweka mezani kwa upole, na watu walipiga makofi kana kwamba mtu amefunga bao.

Sarafu zilimpata mwaka 1963, katika soko la Dudley, kwa njia ya nusu peni ya mwaka 1799 yenye merikebu ndogo nyuma ya kiti cha Britania, yule mwanamke anayewakilisha Uingereza. Muuzaji alimwambia ahesabu matundu ya mizinga ubavuni mwa merikebu. Akahesabu sita. Muuzaji akampa nyingine, ya mwaka ule ule. Akahesabu tisa. Ya tatu ilikuwa na matano, na ya nne haikuwa na tundu hata moja. Alirudi nyumbani na ile ya matundu sita, na akamwambia mdogo wake Clifford kwa sauti ya mtu aliyetoka kuona moto wa mbinguni, "Cliff, hazifanani! Watu wamezishika miaka mia na sitini na hakuna aliyetuambia hazifanani!" Tangu siku hiyo, mtu akimwambia vitu viwili ni sawa, Avis alitoa lenzi mfukoni.

Mwaka 1965 alijiunga na klabu ya sarafu ya Netherton, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Klabu ilikutana, na hadi leo inakutana, kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa moja jioni, katika chumba cha juu cha baa. Siku yake ya kwanza, mwanachama mmoja alimwona mlangoni akamwuliza, "Dada, chai utatuletea saa ngapi?"

"Ukishaipika," alijibu, akavuta kiti.

Wengi waliokuja leo ni wa klabu hiyo, na wanaujua utaratibu wake, lakini wapo majirani na ndugu ambao hawajawahi kupanda ngazi zile, basi na wasikie. Sarafu huzungushwa mezani juu ya kitambaa cha mahameli, ikishikwa pembeni tu, kwa ncha za vidole viwili, maana jasho la binadamu huila shaba. Kila mmoja huandika daraja lake kwa siri: hafifu, wastani, nzuri, nzuri sana, bora kabisa. Iliyosuguliwa haipewi daraja. Huandikwa neno hilo moja tu, nalo ni kama hukumu, kwa sababu shaba iliyosuguliwa hairudishiki, na aliyeisugua kisha akaileta mezani bila kusema hutazamwa kama mwongo. Hatimaye maoni hufunguliwa, na la mwisho kufunguliwa ndilo huandikwa kwenye kikaratasi cha duara kinacholala chini ya sarafu. Kikaratasi hakichanwi kamwe. Sarafu ikihama, kinahama nayo, na mmiliki mpya huandika chini ya yule wa zamani. Ndiyo maana kuna peni za Netherton zinazosafiri na maneno ya watu waliokufa kabla ya vita vya kwanza.

Kufikia mwaka 1970, oni lililofunguliwa mwisho lilikuwa la Avis. Hakuna aliyelipigia kura. Ilitokea tu kwamba watu walianza kumngoja.

Jumanne tarehe 13 Machi 1979, mwanachama aitwaye Lionel Tromans, mwoka mikate wa Old Hill, alileta peni ya mwaka 1806. Hakuwa mtu wa kuleta vitu vikubwa. Wenzake walizoea kumtania kwamba sarafu zake zina unga. Lakini jioni ile alifungua soksi ndogo ya mtoto mchanga, na ndani yake mlikuwa na peni ya rangi ya chokoleti, na kuzunguka herufi zake wekundu wa shaba mpya ulikuwa haujazimika. Meza ilipiga mbinja. Mmoja baada ya mwingine walifungua vikaratasi: bora kabisa, bora kabisa, bora kabisa. Kisha Avis akafungua chake.

"Imesuguliwa," akasoma.

"Bi. Raybould," Lionel alisema, "angalia tena."

"Nimeangalia. Nyuma ya sikio la Mfalme kuna mistari tisa. Miwili inakatana kama lango la shamba. Hapo kitambaa kimepita."

"Mama yangu aliiweka ndani ya soksi hii wiki niliyozaliwa. Hakuna kitambaa kilichoigusa."

"Basi labda soksi ndiyo iliyoisugua," mtu mmoja akatania, na watu kumi wakacheka.

Lionel hakucheka. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Alingoja Avis aandike neno lile kwenye kikaratasi na kuweka tarehe na herufi za jina lake, kwa kuwa ndio utaratibu. Aliifunga peni yake ndani ya soksi, akavaa kofia, akashuka ngazi. Hakurudi tena.

Familia haitaficha jambo hili leo, kwa sababu marehemu mwenyewe hakulificha. Kwa miaka kumi na minane Avis hakuwa na shaka. Alikuwa ameona mistari tisa, akasema ameona mistari tisa. Macho hayana pazia, alipenda kusema, na alilitumia neno hilo kama watu wengine wanavyotumia kufuli.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 1997 alikwenda Birmingham kwenye maonyesho ya sarafu. Kwenye meza moja ya pembeni aliokota peni ya mwaka 1806, iliyochakaa kiasi, akaiweka chini ya lenzi kwa mazoea tu. Nyuma ya sikio la Mfalme kulikuwa na mistari tisa. Miwili ilikatana kama lango la shamba.

Mtu asiye wa fani hii anaweza kuuliza, kwani kuna nini? Kuna hivi. Vitambaa viwili, mikononi mwa watu wawili wasiojuana, haviwezi kukwaruza sarafu mbili mistari ile ile, mahali pale pale. Mistari haikuwa kwenye peni. Ilikuwa kwenye muhuri wa chuma ambao peni zote mbili zilipigiwa. Fundi wa mwaka 1806 aliupiga msasa muhuri wake, akaacha mikwaruzo ndani yake, na mkwaruzo uliozama kwenye muhuri hutoka umeinuka kwenye sarafu. Avis aliinamisha peni kwenye taa, na kwa mara ya kwanza aliutazama upande wa kivuli. Mistari ilikuwa imeinuka. Kitambaa huchimba, hakiinui. Ile ya Lionel nayo lazima ilikuwa imeinuka. Jioni ile ya Machi angeinamisha mkono wake kidogo tu upande wa pili, angeiona.

Aliketi kwenye ngazi za ukumbi. Muuzaji akamfuata.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nimekosea."

"Lini?"

"Mwaka sabini na tisa."

Muuzaji akatafakari. "Basi ngoja nikuletee chai kwanza. Hilo halina haraka."

Kwake lilikuwa na haraka. Wiki mbili zilizofuata, ndugu zake wanakumbuka, hakula mlo hata mmoja akaumaliza. Hakuhofia kuonekana mjinga. Kilichomnyima usingizi ni kwamba alikuwa amemfanya mama wa mtu aonekane mwongo, mwezi mmoja baada ya kuzikwa, na hakujua kama mtu yule bado yu hai asikie kwamba haikuwa kweli. Clifford alimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Avis akamwambia alete kitambaa basi.

Alimtafuta kwanza Old Hill. Duka la mikate lilikuwa limegeuka duka la mazulia. Mwenye mazulia alimpeleka kwa kinyozi, na kinyozi akamwambia kwamba Lionel alifiwa na mkewe, Noreen, mwaka 1989, na sasa anaishi Bewdley karibu na mto. Jumamosi tarehe 22 Novemba Avis alipanda mabasi mawili, na ile peni, aliyoinunua Birmingham, mfukoni, akagonga mlango.

Lionel alifungua. Alikuwa na mvi kichwa kizima, na bado alikuwa na unga kwenye mkono wa sweta.

"Bi. Raybould," alisema. "Umechelewa miaka kumi na minane."

"Basi la Bewdley," Avis akasema, "unalijua lilivyo."

Alimkaribisha ndani. Avis hakuvua hata koti. Alisema yote akiwa amesimama: mistari, muhuri, mama yake, soksi. Lionel alimsikiliza, akamimina chai, akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Tatizo ni hili," akasema. "Usiku ule niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira. Nikajiambia, Avis Raybould hakosei. Kama amesema imesuguliwa, basi heri nisiwe mbishi. Nikachukua siki na chumvi."

Avis alishika ukingo wa meza. Wanaomfahamu wanajua kwamba hata kwenye mazishi ya baba yake hakukaa bila kuambiwa. Siku hiyo alikaa.

"Yote?" akanong'ona.

"Pande zote mbili."

Alimwacha hivyo kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha akafungua droo, akatoa soksi ndogo, na ndani ya soksi peni ilikuwa vile vile, rangi ya chokoleti, wekundu wake haujazimika. Avis alimpiga kwa mkoba wake. Ndugu, hilo ni pigo pekee ambalo marehemu anajulikana kumpiga mtu, na aliyepigwa yuko hapa mbele, na amekuwa akilielezea kwa fahari tangu siku hiyo.

Waliziweka peni mbili pamoja chini ya lenzi, kichwa kwa kichwa. Mistari tisa na mistari tisa. Lango na lango. Chini ya ile ya Lionel kilikuwepo kikaratasi chake, na juu yake mwandiko wa Avis wa mwaka 1979. Avis alitaka kukichana.

"Wewe!" Lionel akakifunika kwa kiganja. "Klabu gani ilikulea wewe?"

Akampa kalamu. Chini ya neno lake la kwanza, Avis aliandika: "Nilikosea. Mistari imeinuka. Haijawahi kusuguliwa. A.R., 22/11/97."

"Na daraja?" Lionel akauliza.

Avis aliiinua peni kwa ncha za vidole viwili, akaizungusha mara moja.

"Nzuri sana."

"Nzuri sana tu? Wote walisema bora kabisa!"

"Nywele juu ya sikio zimelala kidogo. Nimekuja kusema kweli, Lionel, sikuja kukupaka mafuta."

Lionel alicheka hadi machozi yakamtoka. Baadaye alimwambia mwenyekiti wa klabu, Bwana Bytheway, kwamba siku ile ndipo alipojua mambo mawili: kwamba mama yake amesafishwa jina na mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mwenye nyumba, na kwamba hangeweza kumwachia mtu huyo apande basi la saa kumi.

Kosa lilisemwa mbele ya watu, na Avis alishikilia kwamba lazima lifutwe mbele ya watu. Jumanne tarehe 9 Desemba 1997 alisimama klabuni akaeleza lote, Lionel akiwa ameketi kiti chake cha zamani na mkate wa zabibu mapajani. Kati ya watu kumi waliocheka mwaka 1979, watatu walikuwa wameshafariki. Avis aliwaandikia wajane wao barua. Mmoja wao alimjibu: "Marehemu mume wangu hakujua tofauti ya peni na kifungo cha koti, na alikwenda klabuni kwa ajili ya bia. Lakini asante, na hongera kwa huyo mwoka mikate, maana naona hiyo barua imeandikwa na mtu mwenye furaha."

Mjane huyo naye alikuwa na macho. Avis na Lionel walifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 12 Septemba 1998, bibi harusi akiwa na miaka sitini na miwili, bwana harusi sitini na minne. Keki aliioka bwana harusi mwenyewe, na viungo vilipimwa kwa peni ya Bibi Keziah. Walikwenda fungate Portsmouth ili bibi harusi ahesabu matundu ya mizinga ya merikebu halisi. Alirudi akiwa amekasirishwa na mchongaji wa nusu peni ya mwaka 1799. Bintiye Lionel, Gaynor, alipata mama wa pili ambaye kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Noreen, alikuwa wa kwanza kufika kaburini na maua, na ambaye hakuwahi kumsifia Gaynor jambo lisilostahili. Gaynor anasema ndiyo sababu zile sifa tatu alizopata anazikumbuka zote.

Ndoa yao ilidumu miaka ishirini na mitano, na katika miaka hiyo walikuwa na ugomvi mmoja, uliorudiwa karibu kila jioni kwa raha kubwa. Lionel alikuwa na mkono wa mwoka mikate, kila kitu kwake kilipaswa kuumuka. Peni nzuri aliiita nzuri sana, na nzuri sana akaiita bora kabisa. Avis aliishusha. Mwisho Lionel alipumua, akachukua kalamu, akaandika daraja la Avis, kwa sababu neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Kabati lao lina trei ishirini na mbili na vikaratasi mia nne na sita, na hakuna hata kimoja ambacho Lionel alimpinga kwa maandishi.

Mwaka 2011 macho ya Avis yalianza kufifia. Daktari alimweleza kwamba sehemu ya katikati inakufa, na pembeni patabaki. "Basi nitaona kingo tu," Avis alisema. "Afadhali. Uso ndio huchakaa kwanza." Alitania, lakini Lionel anajua kwamba siku ile alikaa garini kwa muda mrefu akishika lenzi iliyofungwa. Kwa mtu aliyeishi kwa kuona, hayo hayakuwa maradhi madogo, na hatutasema yalikuwa madogo.

Hata hivyo hakuacha. Lionel akawa macho yake. Alikaa karibu na taa akimweleza, na yeye akahukumu.

"Nywele za juu ya sikio?"

"Zimelala kidogo."

"Kidogo cha kweli, au kidogo cha mwoka mikate?"

"...Zimelala."

"Asante. Nzuri. Andika."

Wanachama waliendelea kumletea sarafu zao. Bwana Bytheway anasema katika miaka kumi na miwili ya upofu wake hakukosea daraja zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili Lionel alikuwa amependezwa na sarafu. Kila ilipoletwa yenye mikwaruzo, aliuliza swali lile lile, na vijana wa klabu leo huliuliza bila kujua lilikotoka: "Umeiinamisha upande wa pili?"

Majira ya joto mwaka huu moyo wake ulichoka. Alirudi nyumbani kutoka hospitali mwanzoni mwa Septemba kwa matakwa yake, akagawa mambo yake kwa utulivu. Trei ziende kwa wanachama, moja moja, kila sarafu na kikaratasi chake. Peni mbili za mistari tisa zisitenganishwe. Peni ya Bibi Keziah ibaki kwenye mizani. Mkutano wa klabu usiahirishwe kwa ajili yake, "maana tukiahirisha kila akifa mtu, kwa umri wetu, hatutakutana tena." Na watakaombeba, alisema, wamshike pembeni.

Siku chache kabla ya mwisho alimwambia Lionel akate kikaratasi cha duara, akamtamkia la kuandika. Lionel aliandika kama alivyoambiwa, kwa kalamu ile ile ya Bewdley: "Avis Muriel Tromans. Ilitolewa 1936. Imepita mikono mingi. Kasoro moja inayojulikana, 1979. Haijasuguliwa. Daraja: wastani. A.T."

"Wastani?" Lionel akauliza.

"Wastani. Na usiniumue."

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 10 Oktoba 2023, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, akiwa na miaka themanini na saba. Ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi. Saa moja jioni klabu ilikutana, kama alivyoagiza, na kiti chake kiliachwa wazi. Sarafu zilizungushwa. Zilipofika mahali pa oni la mwisho, watu walingoja kidogo, kisha wakaanza kucheka, kisha wakalia, na Bwana Bytheway akasema, "Inamisheni upande wa pili," wakainamisha.

Ameacha mume, Lionel. Binti wa mumewe, Gaynor, na mumewe Desmond. Wajukuu wawili, Tamsin na Rhys. Mpwa wake Janine, binti wa marehemu Clifford, anayesoma maneno haya. Pamoja na klabu ya watu kumi na saba na paka mmoja. Familia inawashukuru wauguzi waliomtunza nyumbani, majirani waliopika, na wote waliokuja leo licha ya mvua.

Jambo moja limebaki. Baadhi yetu tulipenda peni ya mistari tisa iwekwe mkononi mwake. Wanaklabu walitutazama kana kwamba tumependekeza kumzika na jirani. "Shaba, kwenye udongo wa Netherton, Oktoba?" Bwana Bytheway akasema. "Mnataka aamke?" Basi ameondoka na kikaratasi chake tu, ndani ya soksi ndogo ya mtoto. Jana, kabla ya jeneza kufunikwa, Lionel aliomba akisome mara moja zaidi, kisha akaomba kalamu. Chini ya maneno ya mkewe ameandika ya kwake, kwa mara ya kwanza katika vikaratasi mia nne na saba: "Nimeinamisha pande zote mbili. Sikubaliani. Bora kabisa. L.T., 26/10/2023."

Kikaratasi hakichanwi, na neno la mwisho ndilo linalosimama. Pumzika salama, Avis. Tumekushika pembeni.